Duara kwenye Shavu la Mayunga

Alhamisi asubuhi Consolatha alikuwa amemsimamisha mwalimu mstaafu mbele ya pazia la kijivu la studio yake, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Tabora, akimwambia asogeze shavu. Mwalimu alisogeza bila kuuliza. Mjini kote inajulikana kwamba kwa Consolatha hupigwi picha kabla hujapimwa shavu. Anakusogelea na ile kamera yake ya filamu mpaka unasikia pumzi zake, anaweka duara dogo lililo katikati ya kioo juu ya shavu lako, anatazama sindano ya kipimo cha mwanga imesimama wapi, anageuza pete ya lenzi, kisha anarudi kinyumenyume hadi mahali pake, analenga upya kwa mkono, ndipo anabonyeza. Wenye haraka huenda kwa vijana wa simu, na Consolatha hajawahi kumwita hata mmoja arudi.

Ufundi huo alifundishwa na Mzee Mukesh, mwenye duka la vitambaa la jirani, ambaye zamani studio ilikuwa yake. Mukesh alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba kipimo cha mwanga ni kitu kijinga: hakijui nyeusi wala nyeupe, kinajua kijivu tu. Ukikipimisha shuka jeupe, kitataka shuka liwe la kijivu, na watu waliosimama kando yake watatoka makaa matupu. Ukikipimisha shavu jeusi, kitataka nalo liwe la kijivu, na mtu na heshima zake atatoka amepauka kama aliyetoka kusaga unga. Kwa hiyo unapima shavu, halafu unafunga lenzi hatua moja. Hatua hiyo moja ndiyo fahari ya Consolatha. Wapiga picha wengi huishia kwenye kupima. Yeye anafunga hatua moja, na mweusi anabaki mweusi, anang'aa, na kila kunyanzi liko mahali pake.

Mwalimu alipoondoka akaingia Anselm, mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya kengele ya parokia, amebeba picha ya zamani iliyofungwa kwenye taulo. Hakukuwa na haja ya kuifungua, maana kila muumini anaijua. Ilipigwa kabla reli haijafika, siku kengele ilipofika kutoka pwani. Mbele amesimama Padre Mwasisi kwa kanzu nyeupe, na vifungo vyake vyote vinaonekana. Nyuma yake wamejipanga wapagazi walioibeba ile kengele kwa miguu kutoka Bagamoyo, nao ni madoa meusi yaliyosimama wima. Huwezi kujua pua iko wapi na sikio liko wapi. Aliyepiga alikuwa amehangaikia kanzu.

Anselm alitaka nakala kubwa ya kutundikwa ukumbini Jumapili, siku ya jubilei, juu ya ubao wa kumbukumbu wa mninga uliokuwa kwa fundi. Kwenye ubao, alisema, kutakuwa na maneno kwamba kengele hii ililetwa Tabora na Padre Mwasisi. Consolatha akamkumbusha, kama alivyokwisha kumkumbusha kwenye vikao, kwamba doa la tatu kutoka kushoto ni Mayunga, babu wa mama yake, na kwamba kengele haikuja yenyewe. Anselm si mtu mbaya. Alimjibu kwa upole kwamba hadithi ya ukoo wao anaijua, lakini ubao wa kanisa hauchongwi kwa maneno ya mdomo, na kwenye picha yeye haoni Mayunga, anaona giza.

"Nionyeshe sura, dada Consolatha," alisema. "Ukinionyesha sura, jina lake litaingia."

Akaiacha picha mezani, akasisitiza kanzu itoke vizuri, akaenda zake.

Ahadi hiyo ilimwingia Consolatha. Mama yake, Bibi Recheli, anaishi Ntalikwa kwenye shamba la karanga, na macho yake yanaziba mwaka hadi mwaka. La kulia limekwishafunga. La kushoto bado linaona kitu ukikileta karibu na pua. Yeye alizaliwa wakati Mayunga amekwishazikwa, akalelewa kwa sifa zake, na siku hizi kila Consolatha akienda kumsalimia anaulizwa swali lilelile: sura ya Guku, yaani babu, itapatikana lini, maana jicho lililobaki halina subira. Consolatha alikuwa amechoka kujibu kwamba bado. Kumpiga picha kila mtu wa Tabora na kushindwa kumwonyesha mama yako mtu mmoja, hilo lilimuuma kwelikweli.

Alitoka na picha ile hadi nyuma ya studio, akaiegemeza kwenye ukuta unaomtenganisha na duka la Mukesh, mahali penye kivuli kisicho na madoa ya jua. Kwanza akafanya kazi ya kamati. Akaweka duara juu ya kanzu ya Padre, akafuata sindano, akapiga. Halafu, kwa ajili ya mama yake, akalihamisha duara taratibu hadi juu ya doa la tatu. Alitarajia sindano ilale chini kabisa, kama inavyolala ukiielekeza kwenye karatasi nyeusi.

Sindano ilipanda. Ilipanda hadi pale inapopanda mtu akiwa amesimama kwenye jua la asubuhi, ikatulia hapo.

Basi akaanza kulenga. Katikati ya kioo cha kamera yake kitu kisicholengwa huonekana kimekatika vipande viwili, na kazi yako ni kuzungusha pete mpaka vipande viungane. Kipaji cha uso kilikuwa huku na kidevu kule. Alizungusha pete ikapita mita moja, ikapita mbili, ikapita nne. Kipaji na kidevu vilikutana kwenye mita saba. Picha yenyewe ilikuwa imeegemea hatua moja mbele yake. Consolatha alifikiri lenzi ina vumbi, akaifuta kwa kitambaa laini, akarudi kulenga, ikasema tena saba. Ndani ya duara yule mtu akajikuna shingo.

Mita saba kutoka pale alipopiga magoti ilikuwa ng'ambo ya ukuta, uani kwa Mukesh. Consolatha akavaa kamera shingoni, akazunguka kupitia dukani.

Alimkuta Mzee Mukesh uani anamimina chai. Wapagazi walikuwa wamekaa juu ya marobota ya vitenge, miguu imejaa vumbi jekundu, na ule mti mnene waliobebea kengele umeegemezwa kwenye tangi la maji. Consolatha akamwamkia Mukesh, naye akaitika marahaba bila kugeuka.

"Wamekuja tangu alfajiri," alisema Mukesh. "Waliomba maji, nikaona niwape na chai. Sukari wanapenda hawa."

Wa tatu kutoka kushoto alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na begani ana sugu kubwa kama kiganja, mahali mti ulipokaa safari nzima. Consolatha alimpigia goti.

"Shikamoo, Guku."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Recheli, binti wa mwanao Kasanda."

Mayunga akamtazama mdomoni, akaona mwanya wa meno ya juu, akacheka na kuuonyesha wa kwake. Akasema mwanya ni wao, hakuna anayeuiba. Consolatha, mwanamke wa makamo mwenye studio na wajukuu, alijisikia mtoto aliyefaulu mtihani.

Mayunga akamweleza kwa nini wako uani kwa watu. Msafara unaorudi kutoka pwani, alisema, hauingii Unyanyembe, huku kwetu, hivihivi. Mnalala nje ya mji, asubuhi mnaoga, mnajipaka mafuta, mnavaa nguo mpya, kiongozi anavaa manyoya kichwani, halafu mnaingia kwa wimbo na vishindo ili kila nyumba ijue kwamba hawa wamekwenda wakarudi. Mtu anayeingia na vumbi lake kimyakimya ni kama hakwenda. Na wao siku ile walikuwa wamekwishaoga na kuvaa. Ndipo Padre akatoka mjini kuwalaki, pamoja na mzungu mwenye sanduku la picha, wakaambiwa wasimame nyuma na wasitikisike. Baada ya picha kengele ikapakiwa kwenye mkokoteni, Padre akapanda akakaa kando yake, akaingia mjini akishangiliwa. Wao waliambiwa wapitie mashambani, kwa sababu maandamano yalikuwa yamekwishapangwa.

"Kwa hiyo hatujaingia bado," alisema Mayunga, kama mtu anayesema hajala mchana.

Consolatha aliomba kumpiga picha pale pale, lakini alikataa. Vumbi lote hili, alisema, picha ya nini? Ikabidi waoge kwanza. Mukesh akafungulia maji ya tangi, kisha akaingia dukani akakata vitambaa vipya kwa kila mmoja, akisema babu yake aliwauzia watu hawa nguo na mikono ya ukoo wake haijasahau urefu wao. Walipokuwa wamevaa na kujipaka mafuta, Mayunga akasimama mbele ya ukuta mweupe wa Mukesh, bega lenye sugu akilitanguliza. Consolatha akamsogelea na kamera, akaweka duara kwenye shavu lake.

Mayunga akauliza mbona yule mpiga picha wa zamani alisimama mbali vile na huyu anamjia puani. Consolatha akamweleza habari ya kipimo na ujinga wake, jinsi kinavyotaka kila kiumbe kiwe cha kijivu. Mayunga alisikiliza kwa makini.

"Usinifanye kijivu," alisema.

"Siwezi, Guku. Nafunga hatua moja."

Akafunga hatua moja, akarudi kinyumenyume, akaunganisha vile vipande viwili kwenye jicho la kushoto la babu wa mama yake, akabonyeza.

Filamu aliisafisha mchana huohuo kwenye chumba chake cha giza. Karatasi ilipolala kwenye dawa, cha kwanza kujitokeza kilikuwa mwanya. Ukafuata mdomo unaouzunguka, yakafuata macho, shavu, bega, sugu. Consolatha ameona sura nyingi zikitoka kwenye beseni lile, zikiwemo za maharusi na za marehemu, lakini kwa hii alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia kidogo, halafu akainuka kuitundika isikauke na mikunjo.

Ijumaa akaipeleka kwa Anselm. Mwenyekiti aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu, akailinganisha na kimo cha doa la tatu, akakiri kwamba ni huyohuyo, hana shaka. Akasifu sana mng'ao. Kisha akasema fundi amekwishamaliza ubao, na mninga ukishachongwa hauongezewi maneno pembeni, utaonekana kiraka. Na ratiba nayo imekwishachapwa. Consolatha akamwambia wenyewe wapo mjini, kwa Mukesh, na Jumapili wanaingia. Anselm akamrudishia picha.

"Waje," alisema. "Wageni hawafukuzwi. Ila wakae nyuma, maana mbele pameshapangwa."

Jumapili waliingia. Walitokea upande wa mashariki, kwa barabara ileile, kiongozi wao mbele na manyoya kichwani, wakipiga mti wao kwa fimbo na kuimba wimbo ambao wazee wa Kinyamwezi waliuitikia kabla hawajakumbuka kwamba waliwahi kuusikia. Bodaboda zilisimama. Wauza maembe na asali wakainuka na vigelegele. Mukesh alikuwa amefunga duka na kusimama mlangoni kwa shati la sikukuu, akiwaonyesha majirani vitambaa vyake vinavyokaa vizuri mabegani. Consolatha alitembea kando ya msafara na kamera yake, kifua mbele, na kila aliyemwuliza akajibiwa: yule wa tatu ni wetu. Walipokata kona ya kanisa, kengele ikaanza kulia kabla mpiga kengele hajashika kamba. Mpiga kengele alikaa kwenye kigoda akasubiri imalize.

Bibi Recheli alikuwa amewekewa kiti chini ya kibaraza cha kanisa. Mayunga alisimama mbele yake, akapokea shikamoo ya mjukuu aliyezeeka kuliko yeye, akamruhusu apapase sugu ya begani. Lakini jua lilikuwa nyuma yake, na kwa jicho lile moja Recheli aliona doa jeusi lililosimama wima, basi. Hakulalamika. Alisema sauti ni nzuri.

Baada ya misa mgeni rasmi, monsinyori kutoka mbali, alifunua ubao. Maneno yalikuwa yaleyale. Waumini wakapiga makofi, na wapagazi wakapiga pia, kwa adabu, wakiwa nyuma. Mayunga, ambaye hakusoma, akamwomba Consolatha amsomee. Alisoma. Akaombwa asome tena, akasoma tena.

"Na sisi?"

"Hamjaandikwa, Guku."

Mayunga akainua macho kwenye mnara, pale kengele ilipokuwa inaning'inia.

"Lakini si ileee," alisema.

Ilipofika zamu ya picha ya pamoja, watu walijipanga ngazini, kamati mstari wa pili, wapagazi mstari wa mwisho. Monsinyori alikaa katikati amevaa kasula mpya nyeupe, vazi la juu la misa, yenye darizi ya dhahabu iliyoshonwa na akina mama wa parokia kwa mwezi mzima. Consolatha akaanza kusogea kupima mashavu, Anselm akamwita kutoka kwenye nafasi yake, ya tatu kutoka kushoto. Apime kasula, alisema. Akina mama wamehangaika na ile darizi, isipoonekana itakuwa lawama. Consolatha akamwonya kwamba akipima kasula, sura zote zitazama, hata ya monsinyori mwenyewe, ambaye ni mtu mweusi kama wao.

"Watu tunawajua," alisema Anselm. "Wewe pima kasula."

Alipiga mbili. Ya kwanza duara likiwa juu ya kasula, kama alivyoagizwa. Ya pili akapanda ngazi zote hadi mstari wa mwisho, akapima shavu la Mayunga, akafunga hatua moja, akashuka.

Wakati wa kukusanya viti Anselm aliwafuata wapagazi, akawaomba kwa heshima zote wasaidie kuvirudisha ukumbini, maana mabega wanayo. Mayunga akamjibu kwa heshima hiyohiyo kwamba mzigo waliokubaliana ulikuwa mmoja, na umefika. Wakaendelea kukaa na kula pilau. Viti vikabebwa na vijana wa kwaya.

Jumatatu asubuhi waliondoka uani kwa Mukesh kuelekea mashariki, nguo mpya zimekunjwa vizuri kwenye mafurushi, zivaliwe siku ya kurudi. Mukesh aliwafungia sukari. Jioni Consolatha akapanda bodaboda hadi Ntalikwa akiwa na picha ndani ya bahasha kubwa kifuani.

Mama yake alikuwa mlangoni anachambua karanga kwa vidole. Consolatha akamsogezea picha hadi karibu na pua, upande wa jicho la kushoto, jua la magharibi likiangukia karatasi. Recheli alianza kwenye kidevu, akapanda polepole, kama anavyopanda mtu kwenye mti asioujua. Alipofika kwenye mwanya akaugusa wake kwa ulimi. Alipofika kwenye shavu alikaa hapo muda mrefu.

"Mweusi kama mimi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hukumpunguza."

"Sikumpunguza hata kidogo."

Picha hiyo iko ukutani Ntalikwa, na kila anayeingia huelekezwa aiamkie kwanza kabla ya wenye nyumba. Jicho la Recheli lilifunga mvua zilipoanza. Hakuhuzunika kama walivyoogopa. Alisema limefunga likiwa limekwishamaliza kazi, na kengele ikilia mjini upepo ukiwa mzuri, huwaambia majirani kwamba huyo ni babu yake anaongea.

Kamati nayo ilikaa ikazitazama zile picha mbili za jubilei. Kwenye ile ya pili sura zote zilikuwa hai, hadi pengo la jino la mtoto lililong'oka wiki ile, na kasula ilikuwa weupe mtupu, haina darizi. Ilirudishwa kwa Consolatha pamoja na shukrani, naye akaitundika kwenye dirisha la studio. Ile ya kwanza ikatengenezewa fremu, ikawekwa ukumbini kando ya ile ya Padre Mwasisi, juu ya ubao wa mninga.

Wageni wakija, Anselm ndiye anayewatembeza. Anawaonyesha vifungo vya kanzu, kisha uzi wa dhahabu kwenye kasula, ambao kweli unahesabika. Halafu anasogea karibu na kioo cha picha hiyohiyo, ananyoosha kidole kwenye doa jeusi la tatu kutoka kushoto, kifua kimejaa.

"Huyu," anawaambia, "ni mimi."

Wageni hutazama, wakaitikia kwa kichwa, wakapita kwenye picha inayofuata.